Kilwa: dola iliyoishi kwa kusubiri upepo

Katika jumba la makumbusho ya sanaa za kale mjini Lisbon kuna chombo cha ibada cha dhahabu kinachoitwa Custódia de Belém. Kilifuliwa na sonara Gil Vicente kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza, kikakamilika mwaka 1506. Dhahabu yake ilitoka Kilwa. Ilikuwa ni kodi aliyoitoza nahodha Mreno Vasco da Gama mwaka 1502 baada ya kumtisha mtawala wa mji kwamba angeuchoma moto: mithkali 1,500 kwa mwaka, yaani kilo 6 na ushei.

Dhahabu hiyo haikuchimbwa Kilwa. Ukivuka leo kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi kisiwani utakuta magofu ya matumbawe, mibuyu, mikoko, na vigae vya vyungu vilivyotapakaa kila unapokanyaga. Mgodi hakuna. Dhahabu ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka hadi pwani ya Sofala katika Msumbiji ya leo, kisha ikapakiwa vyomboni na kuletwa kaskazini zaidi ya kilomita 1,300. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne mbili, wengi wa walioitaka kutoka Uarabuni na India walikuwa wakija Kilwa kuichukua.

Ukiuliza kwa nini, utajibiwa kwa neno moja: biashara. Ni jibu la kweli lisilojibu kitu. Biashara ilikuwapo Mogadishu, Barawa, Malindi, Mombasa, Unguja na Pemba pia. Swali ni kwa nini Kilwa, kisiwa kidogo kilicho mbali zaidi na wateja kuliko bandari zote hizo. Mimi naona jibu limo katika kalenda kuliko katika hazina. Kilwa iliuza muda. Iliwasubiria wengine mizigo yao, kisha ikawatoza kwa kazi hiyo ya kusubiri.

Pepo mbili na hesabu ya miezi

Lugha yetu yenyewe inaijua habari hii. Tunaposema kaskazini na kusini tunataja pepo mbili, kaskazi na kusi. Watu wa pwani waliipanga dunia kwa kufuata upepo unakotoka. Kaskazi huanza kujikusanya Novemba, ikakaza Desemba na Januari, ikalegea Machi. Kusi huingia Aprili na kutawala hadi Septemba hivi. Katikati yake kuna siku za tanga mbili, ambapo upepo hauna msimamo na nahodha hajui alale na tanga gani.

Chombo cha tanga hakishindani na upepo kwa muda mrefu. Nahodha hodari anaweza kupiga bisho, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, siku mbili tatu, lakini hawezi kupiga bisho miezi miwili. Kwa hiyo aliyetaka kuja Afrika Mashariki kutoka Khambhat ya Gujarat, Hormuz au Aden alikuja na kaskazi, na aliyetaka kurudi alirudi na kusi. Hadi hapo ni jambo ambalo kila mtoto wa pwani analifahamu. Linalosahaulika ni kwamba pepo hizi zina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo iliyoijenga Kilwa.

Mpaka wa kwanza ni wa mahali. Kaskazi hufifia kadiri inavyoteremka. Ukishapita Rasi Delgado, karibu na mpaka wa leo wa Tanzania na Msumbiji, huna tena uhakika nayo. Mbele yako kuna mlango wa bahari kati ya Msumbiji na Bukini (Madagaska), wenye mikondo inayovuta kwenda kusini na pepo zisizofuata ratiba uliyoizoea. Kilwa iko kwenye nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kidogo tu kabla ya eneo hilo la mashaka. Sofala iko nyuzi 20.

Mpaka wa pili ni wa wakati. Kusi haivumi kwa nguvu ileile miezi yote. Juni na Julai huwa kali mno kule Bahari ya Arabuni, na bandari za magharibi mwa India hazifikiki. Mabaharia husema bahari imefungwa. Anayetaka kurudi Gujarat ama aondoke mapema, Aprili au mwanzoni mwa Mei, ama angoje hadi Agosti au Septemba kusi ipungue makali.

Sasa tufanye hesabu kama nahodha. Umetoka Khambhat mwezi Desemba na shehena ya nguo za pamba na shanga. Ukienda vizuri unatia nanga Kilwa mwishoni mwa Januari au Februari. Una kama wiki nane hadi kumi za kuuza, kununua, kukarabati chombo, kupakia maji na chakula, halafu kusi ikianza unang'oa nanga. Ikiwa dhahabu na pembe unazozitaka zipo tayari ghalani, safari yako imekwisha kwa faida ndani ya miezi minane. Ikiwa hazipo, au ukiamua kuzifuata mwenyewe Sofala, unateremka na mabaki ya kaskazi, unafika umechelewa, unangoja dhahabu ishuke kutoka bara kwa mwendo wa miguu, unarudi na kusi, na ukifika tena Kilwa bahari ya kwenu imeshafungwa. Mabaharia unawalipa wanakaa. Chombo kinaliwa na chaza wa mti, yule mdudu anayetoboa mbao. Deni la mtaji wako linazaa.

Walikuwapo waliofika Sofala moja kwa moja, tusidanganyane. Msafiri al-Masudi, aliyeandika katika karne ya 10, aliitaja Sofala kuwa ndiyo mwisho wa safari za vyombo vya Omani na vya Siraf, bandari ya Uajemi. Lakini kufika ni jambo moja, na kufika kila mwaka kwa faida ni jambo lingine. Mfanyabiashara mwenye akili alipendelea kumkuta mtu aliyekwisha kwenda kwa niaba yake.

Mtu huyo alikuwa mfanyabiashara wa Kilwa, na mzunguko wake ulikwenda hivi. Nguo iliyofika Februari haikuwa na haraka. Iliwekwa ghalani hadi kaskazi ya mwisho wa mwaka, ndipo ikateremshwa Sofala kwa vyombo vya pwani, pamoja na mitepe ile iliyoshonwa kwa kamba za makumbi na kupachikwa tanga la mkeka. Huko ikabadilishwa kwa dhahabu na pembe. Kusi ya mwaka uliofuata ikaleta dhahabu Kilwa, Mei au Juni, nayo ikawekwa ghalani ikiwangoja wageni wa Agosti waliokawia kuondoka, au wale wa Januari iliyofuata. Kipande kimoja cha nguo kiliweza kuchukua mwaka mmoja na nusu, hata miwili, kabla hakijageuka dhahabu mkononi mwa mnunuzi wa ng'ambo. Muda wote huo kuna mtu aliyefunga mtaji wake ndani ya bohari. Aliyeweza kuufunga bila kufilisika ndiye aliyekuwa tajiri, na ndiye aliyepanga bei.

Mombasa haikuweza kuifanya kazi hii vizuri, kwa kuwa safari ya Sofala na kurudi ilirefuka mno. Mogadishu ilijaribu: kwa mujibu wa simulizi za Kilwa zilizonakiliwa na mwandishi wa Kireno João de Barros mwaka 1552, watu wa Mogadishu ndio waliokuwa wa kwanza kufanya biashara ya dhahabu ya Sofala. Simulizi inasema mvuvi mmoja wa Kilwa alikuwa nje ya mlango wa bandari, samaki mkubwa akanasa ndoana yake. Hakutaka kumpoteza, akajiachia avutwe, na mkondo nao ukamsukuma, siku baada ya siku, hadi akajikuta Sofala. Akakiona chombo cha Mogadishu kinapakia dhahabu. Akarudi kumwambia sultani.

Samaki wa kuburuta ngalawa kilomita elfu moja na mia tatu simwamini. Mkondo namwamini. Simulizi imebeba elimu ya bahari ndani ya kisa cha uvuvi: kule maji yenyewe yanateremka kusini, na Kilwa ndiyo iliyo jirani na mlango.

Kisiwa chenyewe

Upepo peke yake usingetosha. Kando ya Kilwa kuna visiwa na ghuba kadhaa ambavyo vingeweza kudai nafasi ileile. Kilwa Kisiwani ilikuwa na bandari yenye kina na kinga, katika mlango mwembamba kati ya kisiwa na bara, ambamo vyombo vingi vingeweza kutia nanga bila kuogopa mawimbi. Maji ya visima yalikuwapo. Bara ilikuwa karibu kiasi cha kuleta mtama, mchele, ng'ombe na pembe, na ilikuwa mbali kiasi cha kumzuia adui asiamke nawe asubuhi.

Ukaribu huo na umbali huo umo katika hadithi ya kuanzishwa kwa usultani. Tarikh ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 16, inasema Ali bin al-Hassan, mtoto wa sultani wa Shiraz, alikinunua kisiwa kwa nguo za rangi zilizotosha kukizunguka chote. Muuzaji, mfalme wa bara, alikuwa na hila yake: bahari ikipwa watu walivuka kwa miguu, basi angerudi na jeshi akakichukua kisiwa na nguo akabaki nazo. Ali akachimba mkondo ukawa na kina. Mfalme akaja, akangoja maji yapwe kama desturi, maji hayakupwa. Akaondoka.

Kama Ali alitoka Shiraz kweli ni mjadala wa siku nyingi. Watu waliishi kisiwani tangu kama karne ya 9, wakila mtama na samaki na kufinyanga vyungu vya mtindo uleule wa pwani nzima. Utafiti wa vinasaba vya mifupa ya makaburi ya pwani uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha mchanganyiko: kwa upande wa akina mama asili ni ya Kiafrika kwa sehemu kubwa sana, na kwa upande wa akina baba kuna asili kubwa ya Uajemi, kuanzia kama mwaka 1000. Kwa hiyo hadithi haikuokotwa hewani, ila imewasahau akina mama. Mimi hunivutia zaidi malipo yenyewe. Waandishi wa Tarikh walipotaka kueleza dola yao ilivyoanza, hawakutaja upanga. Walitaja nguo. Walijua sarafu halisi ya ukanda ule ilikuwa ipi.

Ali huyo hatunaye katika hadithi tu. Sarafu ndogo za shaba zenye jina lake zimepatikana kwa wingi, na siku hizi huwekwa katika karne ya 11. Sarafu za Kilwa zina vina: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili hufungana kwa kina kimoja kama ubeti. Nyingi zimeokotwa Kilwa kwenyewe, kisiwa jirani cha Songo Mnara, na Mafia. Shaba hiyo haikuwa ya kumlipa Mhindi. Ilikuwa ya sokoni, ya kununua samaki na ya kumlipa hamali. Mji usio na wageni miezi mingi ya mwaka ulihitaji fedha ya kujiendesha wenyewe.

Nyumba nazo zilitoka baharini. Matumbawe laini huchongwa yakiwa bado mabichi kutoka majini, kisha hewa huyafanya magumu. Mengine huchomwa yakawa chokaa. Boriti za mikoko zilibeba dari, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya majumba ya kale ya Waswahili ni virefu na vyembamba. Mikoko hiyo yenyewe ilikuwa bidhaa: nchi za Ghuba hazina miti ya kujengea, na nguzo za delta ya Rufiji na pwani jirani zilisafirishwa huko karne nyingi. Watu walisokota pamba pia. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vigurudumu vya kusokotea uzi vilivyochongwa kutokana na vigae vya vyungu. Tukitaja dhahabu tu tunasahau kwamba dola huamka asubuhi ikala, ikavaa na kuezeka paa.

Dola ya namna gani?

Neno dola huleta picha ya nchi iliyopakwa rangi moja kwenye ramani, na Kilwa haikuwa hivyo hata siku moja. Ilipokuwa na nguvu zake zote, ushawishi wake ulianzia Mafia upande wa kaskazini hadi Sofala upande wa kusini. Lakini ukichora ramani yake utaweka nukta, wala hutapaka rangi: bandari hii, kisiwa kile, mlango wa mto ule. Bara nyuma ya nukta hizo haikuwa yake. Mombasa na Malindi zilikuwa na wenyewe. Jeshi la majini la kulinda njia halikuwapo.

Sasa aliyekuwa Sofala alilazimishwa na nini kupitia Kilwa? Kwa sehemu kubwa, na upepo uleule. Chombo kilichorudi na kusi kililazimika kupita mbele ya Kilwa, na kilichokwenda kusini kilihitaji mahali pa kujiandaa kabla ya eneo la mashaka. Juu ya hapo sultani aliweka utaratibu wake. Mreno Diogo de Alcáçova, aliyemwandikia mfalme wake mwaka 1506, alieleza ushuru ulivyokuwa kabla ya Wareno kuuvuruga: mfanyabiashara alitozwa Kilwa kabla ya kuteremka, akatozwa Sofala nguo moja kwa kila saba, na akirudi alipaswa kupita Kilwa kutoa mithkali 50 kwa kila mithkali 1,000 za dhahabu. Aliyekwepa akaenda moja kwa moja Mombasa alidaiwa hukohuko, na haki ya Kilwa ikapelekwa kwa mwenyewe.

Hapo pana jambo la kutafakari. Mombasa, mshindani, inakusanya ushuru kwa ajili ya Kilwa. Hakuna aliyeishikia Mombasa mtutu. Ilikuwa na maslahi katika utaratibu unaojulikana, ambamo kila bandari ina zamu yake na kila mwenyeji ana mgeni wake. Udugu nao ulikuwa sehemu ya forodha. Mfanyabiashara mgeni alikaa nyumbani kwa mwenyeji, akamwachia mali, mara nyingi akaoa hapo. Aliporudi msimu mwingine hakurudi sokoni, alirudi kwa wakwe. Deni linalopaswa kungoja miezi kumi na minane linahitaji kitu kizito kuliko sahihi.

Upande wa pili wa mnyororo hawakuwa watu wa kupokea tu. Zimbabwe Kuu, ule mji wa kuta za mawe uliostawi hasa katika karne ya 13 na ya 14, ilikuwa dola yenye ng'ombe, wafua vyuma na wafalme wake. Ilitaka nguo na shanga, ikazipata, pamoja na bakuli la Uajemi na vyombo vya kauri vya China ambavyo vigae vyake vimekutwa huko. Mwaka 1971 ilipatikana hapo sarafu moja ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa. Huenda ilikuwa mfukoni mwa mtu, haina thamani huko, kama shilingi inayobaki kwenye koti la msafiri. Nyingine zimekwenda mbali zaidi na bado zinawatatiza wasomi: mwaka 1944 askari aliyekuwa akivua katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, aliokota mchangani sarafu kadhaa, na tano kati yake zilitambuliwa kuwa za Kilwa.

Baba wa zawadi

Huyo al-Hasan bin Sulaiman alitawala tangu kama mwaka 1310 hadi 1333. Alikuwa wa ukoo wa Mahdali, wenye asili ya Yemen, ulioshika utawala kama mwaka 1277. Watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Enzi yake ndiyo dola iliponenepa.

Juu ya jabali lililo mashariki mwa mji alijenga Husuni Kubwa: vyumba zaidi ya 100, ua wenye ngazi, na birika la kuogea lenye pembe nane linalotazama bahari. Wageni wengi hupiga picha hapo kwenye birika. Mimi ningewapeleka ua wa kusini. Ni uwanja mpana uliozungukwa na safu za vyumba ambavyo wanaakiolojia wanaviona kuwa ni ghala. Fikiria jambo hilo: ikulu ambayo sehemu kubwa yake ni bohari. Sultani alilala ukuta kwa ukuta na mizigo inayosubiri msimu. Ndio usultani wenyewe huo, umechorwa kwa mawe. Jengo halikukamilika.

Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika mwaka 1331, akasema ni katika miji mizuri kuliko yote. Alisimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani akitoka msikitini siku ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Mwanawe akazikomboa kwa kumpa fakiri watumwa 10, na sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ibn Battuta anaongeza kwamba zawadi za huko kwa kawaida ni pembe, na dhahabu ni nadra.

Tunapenda kukisimulia kisa hiki kama kisa cha ukarimu, na kweli ni ukarimu. Lakini watumwa 20 wametoka wapi? Msafiri huyohuyo anasema sultani alikuwa akifanya vita mara kwa mara dhidi ya watu wa bara, akagawa ngawira. Hesabu ya dola hii ina ukurasa huo pia, na wale waliotolewa mfano wa nguo hatuna majina yao.

Angalia pia namna msafiri mwenyewe alivyotii kalenda. Alikuja na kaskazi kutoka Aden kupitia Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, akafika Kilwa, akakaa kidogo, kusi ikamchukua hadi Dhofar. Habari za dhahabu ya Sofala alizipata kwa mfanyabiashara. Hakwenda. Muda haukuruhusu.

Waliotoka upande usiotarajiwa

Karne ya 14 haikumalizika vizuri. Nyongeza ya msikiti mkuu iliyojengwa enzi za Abu al-Mawahib ilianguka, ikakaa gofu miaka mingi hadi ilipojengwa upya kwa kuba na nguzo, zinazoonekana hadi leo, wakati wa Sulaiman bin Muhammad aliyetawala kuanzia mwaka 1421 hadi 1442. Songo Mnara ikastawi jirani. Lakini chini ya uzuri huo mambo mawili yalikuwa yakiupunguza msingi.

La kwanza lilitoka bara. Katikati ya karne ya 15 Zimbabwe Kuu ilififia na dola ya Mutapa ikainuka kaskazini yake, karibu na Zambezi. Dhahabu ikaanza kufuata mto huo, ikatokea Angoche, bandari iliyo kaskazini ya Sofala, na jirani zake badala ya Sofala yenyewe, na wafanyabiashara wa huko hawakuona haja ya kuripoti Kilwa. La pili lilitoka ndani. Maamiri na mawaziri walikuwa wakiwasimika na kuwashusha masultani wapendavyo. Mwisho wa karne ile Sheikh Yusuf wa Sofala alikuwa akijitawala. Da Gama alipofika mwaka 1502 alimkuta Amiri Ibrahimu, mtu ambaye wengi mjini walimwona ni mnyang'anyi wa kiti. Ilikuwa rahisi kumtisha.

Wareno husimuliwa kwa mizinga yao, na mizinga walikuwa nayo. Ila tazama miezi. Nahodha wao Cabral alifika Kilwa Julai 1500. Da Gama, Julai 1502. Francisco de Almeida, aliyeushambulia mji, akaupora na kuanza kujenga ngome, Julai 1505. Wote Julai, katikati ya kusi, mwezi ambao hakuna chombo cha Arabuni wala India kinachotarajiwa. Walitoka Lisbon mwezi Februari au Machi, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakaingia bahari hii kwa mlango wa nyuma. Kwa watu hawa Kilwa haikuwa mwisho wa upepo. Ilikuwa kituo cha njiani tu, na walikuwa wameshapita Sofala na kisiwa cha Msumbiji kabla ya kuifikia.

Mwaka uleule wa 1505 wakajenga ngome nyingine Sofala, wakitaka dhahabu itoke huko moja kwa moja mikononi mwao. Alcáçova alimwahidi mfalme kwamba nchi ikiwa na amani Sofala hutoa mithkali milioni moja na zaidi kwa mwaka, ambayo ni tani nne na kitu. Ni namba ya mtu anayeomba bajeti. Dhahabu haikuja kwa kiasi hicho. Wafanyabiashara Waswahili waliondoka na mizigo yao, wakahamia Angoche na milango ya Zambezi, wakaiacha ngome inalinda mchanga.

Kilwa nayo Wareno waliikuta ghafla haina kitu. Walikuwa wamemsimika kibaraka wao, Muhammad bin Rukn ad-Din, wakajenga ngome ya Santiago, wakapiga marufuku biashara isiyopitia kwao, wakakaa kungoja faida. Lakini mji uliokuwa ukipata riziki kwa kuwasubiria wengine haukuwa na mtu tena wa kumsubiria: dhahabu haikupanda kutoka kusini, na mwenye nguo kutoka kaskazini akaenda kwingine. Mwaka 1512 wakaondoka. Merikebu zao zilizochelewa msimu zikawa zinangoja upepo katika kisiwa cha Msumbiji, ambacho kwa mtu atokaye kusini ndicho kilichokaa mahali pazuri pa kungojea. Wakaweka huko ghala, hospitali na ngome, na kazi ya Kilwa ikawa imehamishiwa pale.

Sofala yenyewe bahari imeila. Bandari ilijaa mchanga, ngome ikabomoka, na sehemu ya mawe yake ilichukuliwa kwenda kujengea kanisa kuu la Beira, bandari mpya iliyo kaskazini yake.